Bibi Aliyempa Mama Maziwa

Mama yangu alifariki kwa kutapika damu asubuhi moja ya kiangazi, jikoni kwake, upawa ukiwa bado mkononi. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nimekaa karibu naye nikimenya viazi. Tumbo lake lilikuwa limevimba tangu mwaka uliotangulia, ingawa hakuwa na mimba, na mikono ilikuwa imekonda hata bangili yake ya shaba ikawa inapanda mpaka kwenye kiwiko. Alitapika mara mbili. Mara ya kwanza aliniambia nilete majivu nifunike. Mara ya pili hakusema kitu.

Kijijini kwetu, si mbali na Segese, hakuna aliyekuwa na jina la ugonjwa ule. Kwa hiyo walitafuta jina la mtu.

Mama hakuwa mwenyeji wa pale. Baba alimwoa upande wa Geita, kando ya ziwa, kwa Wazinza, akamleta huku kwenye ng'ombe na pamba. Kisukuma chake kilikuwa cha kuchechemea, na wanawake wenzake walimwigiza wakiteka maji. Mtu pekee aliyezungumza naye lugha ya kwao alikuwa bibi mmoja mjane, aliyeolewa pale miaka mingi kabla yake, akiishi ng'ambo ya lambo pamoja na binti yake. Bibi yule alikuwa na macho mekundu kwa sababu maisha yake yote alipikia mashina ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Siku nyingi baada ya chakula cha mchana alikuja kwetu na kibuyu cha maziwa ya mgando. Wakakaa na mama nyuma ya nyumba, wakanywa, wakacheka kwa lugha ambayo mimi nilidaka neno moja moja tu.

Siku ya tatu baada ya mazishi, baba mkubwa, yaani kaka wa baba yangu, alituma niitwe. Niliwakuta wazee wamekaa kwenye vigoda karibu na zizi, na kati yao mpiga ramli aliyeletwa kutoka mbali. Baba mkubwa alinishika bega. Hakuwa mkali.

"Yule bibi wa ng'ambo, alikuwa akimpa mama yako maziwa?"

"Ndiyo."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Ndiyo."

"Na mama yako alikuwa akiyanywa?"

"Ndiyo."

"Haya. Nenda kacheze."

Majibu yote matatu yalikuwa ya kweli. Hakuna aliyeniuliza kama na mimi nilikunywa. Nilikunywa kila mara, na mama alikuwa akinifuta mdomo kwa ncha ya kanga yake.

Kesho yake mchana nyumba ya bibi ilichomwa moto. Walimpa nafasi ya kutoa alichoweza kutoa, kisha wakamwambia jua lisimzamie kijijini. Njia ya kwenda barabarani ilipita mbele ya mlango wetu. Nilisimama pale nikawaona wakija, bibi na kifurushi chake mgongoni, na binti yake, msichana wa miaka kama kumi na mitatu, na sufuria kichwani. Bibi aliponifikia alisimama. Alinitazama, akaniambia maneno machache kwa Kizinza. Sikuyaelewa. Aliyarudia. Kisha binti akamvuta mkono, wakaenda zao.

Baba hakuoa tena kwa muda mrefu, na hakuwahi kumtaja bibi yule. Mimi nilisoma. Nilikuwa hodari darasani kwa namna ya mtoto anayetaka kuwa mahali pengine, na shule ikanichukua kwa hatua, kutoka Kahama hadi chuo kikuu.

Mwaka wa pili chuoni tulikuwa na somo la vimelea. Mwalimu alituwekea vioo chini ya hadubini, tukapanga mstari kutazama mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu niliona yai dogo la rangi ya asali, lenye mwiba ubavuni kama mwiba wa waridi. Mwalimu alikuwa akiendelea kueleza nyuma yangu. Alisema hiki ni kichocho cha tumbo, kinapatikana sana kando ya ziwa. Minyoo yake huingia mwilini kupitia ngozi mtu akiwa majini, hukaa kwenye mishipa ya damu miaka na miaka, dume na jike pamoja, na mayai yao hukwama kwenye ini mpaka ini linakuwa gumu. Tumbo linajaa maji. Mikono inakonda. Mwishoni mishipa ya koo inapasuka, mgonjwa anatapika damu.

"Wengi wao," alisema, "hufa nyumbani, na ndugu husema wamelogwa."

Wanafunzi wenzangu waliandika. Mimi niliendelea kuinamia hadubini mpaka aliyekuwa nyuma yangu akanigusa. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Mama alikulia majini, na kila mwaka alirudi kwao kusalimia, akaoga na kufua ziwani kama ndugu zake. Alikuja kwetu na kifo chake tayari kimo ndani yake. Bibi aliyekuja na kibuyu alikuwa amemletea kitu kimoja tu, lugha ya kwao.

Sikumwambia mtu. Nilichagua somo lile, basi. Watu wakiniuliza kwa nini msichana wa Kisukuma alitumia maisha yake kutafuta dawa ya minyoo, nilikuwa nikijibu kwamba mama yangu alifariki kwa kichocho. Walinihurumia, nikaipokea huruma yao, na nusu ya pili ya hadithi ikabaki kwangu.

Nilikwenda nje kusomea utengenezaji wa dawa, nikarudi, nikaajiriwa katika kituo kimoja cha utafiti kando ya ziwa. Kazi yenyewe haina mambo ya kusisimua. Tulifuga konokono kwenye mabeseni, kwa sababu bila konokono hakuna kichocho. Tulifuga panya. Tuliwatoa minyoo kwenye mishipa ya panya, dume mnene amemkumbatia jike mwembamba, tukawaweka kwenye vibakuli vya kioo na kuwatilia dawa zilizotoka kwa wenzetu wakemia, moja baada ya nyingine. Dawa ya kichocho ipo, na ni nzuri, nimewagawia watu kwa miaka mingi. Lakini inaua minyoo iliyokomaa na kuwaacha wachanga. Mtu anameza leo, wiki chache baadaye wachanga wamekuwa wakubwa, na yeye mwenyewe amerudi majini kwa sababu maisha yake yako majini. Sisi tulitafuta dawa itakayoua wote kwa pamoja.

Katika kazi hiyo bibi alikuwa nami. Sijui niseme vipi jambo hili bila wenzangu kunicheka. Nilikuwa peke yangu maabara, saa nne asubuhi, madirisha yote yamefungwa na kiyoyozi kinanguruma, nikasikia harufu ya moshi wa mashina ya pamba. Si mara moja. Niliinuka nikakagua soketi, nikakagua jiko la kuchemshia vyombo, sikuona kitu. Nikirudi kuinama, nilihisi mtu amekaa kwenye stuli iliyo nyuma yangu akisubiri nimalize. Nilijifunza kutogeuka. Ningegeuka ningeona stuli tupu, na utupu ule ndio uliokuwa mbaya zaidi.

Nje, kwenye vijiji na machimbo, ilikuwa vigumu zaidi. Tulipima watu wanaosafisha mawe ya dhahabu kwenye mialo, yale madimbwi ambako watu hushinda wamesimama ndani ya maji. Kabla ya kuchukua choo au mkojo wa mtu lazima umweleze utafiti, kisha umuulize kama ameelewa na kama amekubali. Wenzangu waliuliza mara moja. Mimi niliuliza, nikajibiwa ndiyo, nikauliza tena kwa njia nyingine, kisha nikamtaka mtu anieleze kwa maneno yake. Foleni ilikuwa inasimama. Kiongozi wetu, mzee mmoja mpole aliyenilea kikazi, siku moja aliniambia, "Mama, huyu ameshasema ndiyo mara tatu." Nilimkabidhi fomu zangu, nikaenda kukaa nyuma ya gari.

Kati ya dawa zote tulizojaribu, moja ilifanya tulichokuwa tukikiomba. Tuliiita Kumi na Saba, kwa kuwa ndiyo ilikuwa nafasi yake kwenye sinia siku ile. Asubuhi nilipofunua kibakuli niliwakuta wakubwa na wachanga wote wamejikunja, hawasogei. Niliita wenzangu. Hatukupiga makofi, kwa sababu kwenye kazi yetu kushangilia mapema ni mkosi. Ilitufanyia vilevile kwa panya, mwaka baada ya mwaka, na ikafika siku wenzetu wa ng'ambo wakaanza kuijaribu kwa watu wazima wenye afya waliojitolea.

Wakati huo nilikuwa nimeshajua alipo binti wa bibi. Dereva wetu, mtu wa huko huko Geita, alikuwa akila kwake. Alinisimulia habari za mama mmoja mwenye mgahawa kwenye machimbo, Mzinza aliyefukuzwa pamoja na mama yake kutoka kijiji fulani cha Usukumani akiwa msichana. Alikitaja kijiji. Nilimwomba arudie. Nikajiwekea ahadi ya kijinga, kwamba nitakwenda kwake siku nitakayokuwa na dawa mkononi. Niliona aibu kwenda na maneno matupu. Niliwaza nitaiweka mezani mbele yake, niseme, tazama, hii imetokana na mama yako. Hivyo nilingoja, na yeye akazeeka, na mimi pia.

Siku habari ilipokuja nilikuwa Ibadakuli, kwenye kiwanja cha ndege, nikisubiri kusafiri kwenda kwenye mkutano ambao ningeizungumzia Kumi na Saba. Simu ililia. Alikuwa yule mzee kiongozi wetu. Aliniuliza habari za safari, kisha akasema, "Wameisimamisha."

"Kwa nini?"

"Maini. Vipimo vya maini vya baadhi yao vimepanda. Hakuna aliyelazwa, watapona. Lakini imekwisha, mwanangu."

Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya siku ile. Nilimshukuru. Abiria wenzangu walipanga mstari kuelekea mlangoni, na mhudumu akasoma majina mpaka akafika langu, akalisoma mara mbili. Nilinyanyua begi langu nikatoka nje upande wa magari. Nilikodi teksi. Dereva aliponiuliza tunakwenda wapi, nilimtajia machimbo ya yule mama. Alisema ni mbali. Nikasema najua.

Tulipita Buzwagi, tukapita Kahama, tukaingia barabara ya vumbi jekundu. Nilijiona nikipita njia panda ya kijijini kwetu bila kusimama. Kichwani nilikuwa nikirudia maneno ya kumwambia, na kila nilipoyapanga yalikuwa yakiihitaji Kumi na Saba ili yasimame.

Mgahawa wake ulikuwa wa mabati, safi, na wachimbaji kadhaa weupe kwa vumbi la karasha, ile mashine inayosaga mawe, walikuwa wakila ugali na dagaa. Nilimtambua papo hapo. Alikuwa na umbo la mama yake na namna ile ile ya kuinamisha shingo anapomimina kitu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu. Wali au ugali?"

"Sikuja kula. Kwetu ni kule Segese. Mimi ni mtoto wa yule mama Mzinza aliyefariki. Mama yako alikuwa rafiki yake."

Aliweka upawa chini. Alimwambia msaidizi wake, mwanamke wa makamo, awahudumie watu, akaja kukaa mbele yangu. Hakuonyesha hasira wala furaha.

"Ulikuwa umesimama mlangoni," alisema.

"Ndiyo."

"Una kitu cha kuniambia, au umekuja kuniangalia?"

Nilimwambia. Nilianza na minyoo, nikasema yale yote niliyoyaona chuoni, ini, mishipa, damu. Nilimweleza vigoda karibu na zizi, na maswali matatu, na majibu yangu. Nilimweleza pia kuhusu dawa, na kwamba asubuhi hiyo hiyo imeshindikana. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Alisikiliza hadi mwisho, mikono yake ikiwa imekunjwa juu ya meza.

"Mama alijua," alisema hatimaye. "Siyo hiyo minyoo yako. Lakini kwetu ziwani tumbo lile tunalijua, tunajua linatoka majini. Alikuwa anamsihi mama yako aende hospitali ya misheni. Hicho ndicho walichokuwa wakizungumza huko nyuma ya nyumba. Mama yako alisema mume wake hatakubali, na baba mkubwa wako anacheka watu wanaokwenda hospitali."

Kisha nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kukiuliza mtu yeyote.

"Siku ile, pale mlangoni, mama yako aliniambia nini?"

Alikunjua mikono yake.

"Alikuuliza kama umekula. Alikuuliza mara mbili. Mimi nilikasirika, ndiyo maana nikamvuta."

Nililia mbele ya wachimbaji. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize, akaniletea maji ya kunawa uso.

"Mama alikufa hapa hapa," alisema. "Alikaa miaka minne tu. Watu wa kule walimfuata kwa maneno mpaka huku, akawa haendi hata msibani. Yeye alikuwa akisema mtoto ana kosa gani, aliulizwa na watu wazima. Lakini mimi siyo yeye. Mimi siwezi kukuambia hayo."

"Sikuja kuomba uniambie."

"Basi nenda ukaseme kule. Haya uliyoniambia mimi. Nenda ukayaseme mbele ya watu wa kule, umtaje kwa jina lake."

Nilirudi kazini, nikaripoti, nikaomba radhi kwa mkutano nilioukimbia. Baadaye, tulipopanga kwenda kupima na kugawa dawa vijijini, niliomba kijiji chetu kiwemo. Nilimpigia simu binti wa bibi, nikamwambia siku. Alisema sawa, akakata.

Watu walikusanyika kwenye uwanja wa shule. Nilisalimia kwa Kisukuma, nikaeleza kichocho kama ninavyokieleza kila mahali, kisha nikaweka karatasi chini. Nilisema mama yangu aliuawa na ugonjwa huu, aliupata kwao kabla hajafika hapa. Nikalitaja jina la bibi, jina lake kamili na jina la binti yake. Nilisema hakumfanyia mama yangu ubaya wowote, kwamba maziwa yale nami niliyanywa, na kwamba aliondolewa hapa kwa ushahidi wangu.

Vijana hawakujua ninazungumzia nini. Waliokuwa na umri wangu walitazama chini. Mwanamke mmoja mzee alianza kulia taratibu, na jirani yake akamwambia anyamaze. Baba mkubwa alikuwa amekaa mbele kwenye kiti walichomtolea kwa heshima, fimbo katikati ya magoti. Nilipomaliza, alisafisha koo.

"Mwanangu, hayo ni mambo ya zamani," alisema. "Sisi tulifanya tulivyojua. Endelea na dawa."

Nilitaka kumwambia kwamba kulikuwa na mtu aliyejua, ng'ambo tu ya lambo. Nilimwambia. Hakuinuka kuondoka. Tulipoanza kupima alikaa kwenye foleni kama wengine. Kwenye kioo chake nilikuta mayai, ya kichocho cha mkojo, machache. Nilimpima urefu kwa kijiti chetu, maana dozi hufuata kimo, nikamhesabia vidonge, nikamshikia kikombe kwa kuwa mikono yake haikuwa imara. Alimeza vyote, akasema ni vichungu, akaomba maji mengine. Nilikwenda kumletea. Nilikuwa na hasira naye hata pale, nikiwa nimeshika jagi, na nilikuwa nikitaka apone.

Binti wa bibi alikuwepo. Nilimwona amesimama karibu na ukuta wa darasa la mwisho, kitenge kimefunika kichwa. Nilipopenya katikati ya watu kwenda kwake alikuwa ameshapanda pikipiki.

Wakemia wetu wameibadilisha Kumi na Saba mahali padogo, kwenye upande ule tunaodhani unachosha ini, na tumeanza tena na vibakuli. Huenda itafaulu nikiwa nimestaafu, huenda isifaulu. Harufu ya moshi bado inakuja, ingawa si kwa wingi wa zamani, na stuli ya nyuma yangu sijamruhusu mtu yeyote aihamishe.

Miezi michache iliyopita yule dada wa mgahawa alinipigia simu. Alisema mjukuu wake anakojoa damu, na huko machimboni watu wanasema ni ukubwa tu, mtoto wa kiume hupitia hayo. Nilimwambia amlete. Walikuja, nikampima mtoto, nikampa dawa iliyopo, nikawaeleza dimbwi analoogea lina nini. Aliniuliza maswali mengi, mazuri, na kila jibu nililompa alilirudia kwa maneno yake mwenyewe kuhakikisha ameelewa. Sasa hunipigia mara kwa mara kuulizia watoto wa majirani. Juu ya mama zetu hatujazungumza tena.